Mgonjwa Akisema "Ni Rahisi Tu", Usiandike Bado

Juni 2014 iliingia sokoni Marekani programu ya simu iitwayo Instant Blood Pressure, ikiahidi kupima presha bila mashine. Unaweka kidole cha shahada juu ya kamera, unaibana simu kifuani, unasubiri kidogo, namba zinatokea. Hakuna mkanda wa kuvimba mkononi, hakuna foleni ya kliniki, hakuna nesi wa kukuuliza kama umepunguza chumvi. Iliuzwa kwa bei isiyozidi dola 5, ikakaa siku 156 katika orodha ya programu 50 za iPhone zilizouzwa zaidi, na maoni ya wanunuzi kwa jumla yalikuwa ya sifa. Julai 2015 ikaondolewa dukani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na Timothy Plante walichapisha walichokuta walipoilinganisha na mashine ya kawaida kwa watu 85: kati ya waliokuwa na presha ya juu kweli, karibu wanane katika kila kumi waliambiwa na simu kwamba presha yao haijafika huko.

Ingeishia hapo ingekuwa habari ya bidhaa feki tu, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilimalizana na kampuni husika Desemba mwaka huohuo. Kilichonishika mimi ni makala ya pili ya kundi hilohilo la watafiti, ya mwaka 2018. Walikuwa wamewaomba washiriki wakisie presha yao, kisha wapime kwa simu, kisha wajibu maswali: umefurahia kuitumia? Imekupa hamu ya kupima tena? Wengi waliifurahia. Walioelekea kutoifurahia ni wale ambao simu iliwatajia namba kubwa kuliko waliyokisia.

Yaani programu isiyojua kupima presha ilifaulu kupendwa, na sifa zilipungua ilipomtajia mtu namba asiyoitaka. Anayebuni programu za magonjwa sugu angetulia hapo kidogo. Ugonjwa wa muda mrefu una habari mbaya za kila siku: sukari imepanda, dozi ya jana haikunywewa, uzito hausogei. Programu inayofanya kazi yake sawasawa lazima itamuudhi mtu mara kwa mara. Tukiipima kwa kuuliza "umeipendaje?", tunaiadhibu kwa kusema kweli na kuizawadia nyingine kwa kubembeleza.

Hata hivyo, fungua ripoti ya majaribio ya programu ya afya, ya kwetu au ya kwingine, na uwezekano ni mkubwa utaikuta sentensi hii karibu na mwisho: washiriki walisema programu ni rahisi kutumia. Sentensi hiyo haitufikishi popote. Tunachohitaji kusoma ni mgonjwa alipewa kazi gani, aliiweza au ilimshinda, alikwama wapi, na alipokwama alifanya nini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kurekebishwa 2018, kinataja mambo matatu yanayofanya kitu kihesabiwe kuwa kinatumika vizuri: mtu kulifikia lengo lake, nguvu na muda aliotumia kulifikia, na kuridhika kwake, na yote matatu kwa watu maalumu, katika mazingira maalumu. Kuridhika kumetajwa mwisho. Sisi tumekupeleka mbele kwa sababu ndiko kunakopimika kwa bei nafuu.

Chombo kinachopendwa kwa kazi hiyo ni hojaji inayojulikana kwa kifupi kama SUS (System Usability Scale). Iliandikwa mwaka 1986 na John Brooke alipokuwa Digital Equipment Corporation huko Uingereza, na mwenyewe hakuficha kwamba ni kipimo cha chapuchapu. Ina sentensi 10: tano zinasifu, tano zinalaumu, zikipishana moja moja. Mshiriki anachagua kati ya 1 na 5, hesabu inapigwa, inatoka alama kati ya 0 na 100. Wastani unaozoeleka ni 68. Ni ya bure, inachukua dakika chache, na namba yake inakaa vizuri kwenye slaidi za mfadhili. Siidharau. Ila piga hesabu hii. Mshiriki mpole aliyekubali kila sentensi kwa 5, ya sifa na ya lawama, anapata 50 kamili. Aliyechoka akaweka 3 kutoka juu hadi chini anapata 50 hiyohiyo. Wote wawili wanaingia kwenye wastani wa mradi kana kwamba wametoa maoni, na ukiwa na washiriki 20, watu sita wa namna hiyo wanatosha kuipotosha picha nzima. Nani kati ya wanaoandika ripoti hizi hukagua ni wangapi walijibu kwa namba moja mstari mzima?

Halafu kuna adabu. Kijana amefika kituo cha afya na fulana ya mradi, amemsalimia mama shikamoo, amemkalisha kwenye kiti kizuri, amempa soda, na baadaye atampa nauli. Anamwonyesha programu, kisha anauliza, "Mama, umeionaje?" Mama aliyelelewa vizuri atajibu nini? "Ni nzuri tu mwanangu, Mungu awabariki." Jibu hilo limetoka kwenye malezi yake, skrini haimo. Na jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Bangalore, India, kwa watu 450. Washiriki walionyeshwa vitu viwili na kuulizwa kipi bora. Walipodhani kimoja kimetengenezwa na anayewahoji, walikuwa na mwelekeo wa kukichagua mara 2.5 zaidi ya kingine. Mhojaji alipokuwa mgeni wa kutoka nje anayehitaji mkalimani, mwelekeo huo ulifika mara tano. Hapo hatujazungumzia mgonjwa anayehofia kwamba akiponda programu ya daktari, kliniki ijayo atahudumiwa wa mwisho.

Dawa yake inajulikana na si ya kisayansi sana: mpe mtu kazi, nyamaza, tazama mikono yake. Mwaka 2016 Urmimala Sarkar na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha jaribio la aina hiyo. Walichukua programu 11 zilizokuwa tayari sokoni kwa ajili ya kisukari, sonona na wanaouguza wagonjwa, wakawapa watu 26 wa hospitali ya umma ya jiji hilo, wengi wao wakiwa watu ambao kampuni za programu haziwawazi zinapochora skrini. Kazi zilikuwa za kawaida: ingiza kipimo, tafuta kipimo ulichoingiza. Kati ya kazi 185 walizojaribu, walizozimaliza bila kusaidiwa ni 79, sawa na asilimia 43. Na watu haohao walisema wanatamani teknolojia iwasaidie kuumudu ugonjwa wao. Ungewauliza hamu yao tu, ungerudi ofisini na habari njema. Mikono yao ilikuwa na habari nyingine, nayo ilitoka katika jiji ambalo ni jirani wa karibu wa Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia.

Sasa tusogee karibu zaidi. Chukua kazi moja tu, ndogo kuliko zote katika programu ya kisukari: kuandika kipimo cha asubuhi. Mama ana miaka sitini na kitu, ametoboa kidole kabla ya chai, mashine imempa 7.2. Anafungua programu. Inamtaka barua pepe. Yake hana, iliyopo ni ya mjukuu aliyemsajilia. Inamtaka neno la siri lenye herufi kubwa, namba na alama. Tuseme amevuka. Anaandika 7.2, na programu inamgomea, au inawasha taa nyekundu kwamba yuko hatarini, sukari imeshuka mno. Programu imetengenezwa Marekani, wanakopima sukari kwa miligramu katika desilita, ambako 7.2 yake ingesomeka karibu 130. Mashine za kwetu zinapima kwa milimoli katika lita. Kuhama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine ni kuzidisha kwa 18, na mahali pa kubadilisha pamefichwa ndani ya mipangilio, chini ya kichwa cha habari ambacho mama hana sababu ya kukifungua. Mjaribu wa ofisini Dar es Salaam au Nairobi hatalikuta tatizo hili kwa sababu msanidi ameshamwekea kipimo sahihi kabla hajaishika simu.

Siku nyingine mashine haimpi namba. Inaandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Kwa mashine nyingi ni juu ya 33. Hiyo ndiyo asubuhi muhimu kuliko zote za mwezi ule, na kisanduku cha programu kinapokea tarakimu tu. Daftari la mama, lile la mistari analobeba kliniki, linapokea HI bila ubishi, na nesi akilifunua anaiona. Nimesikia watengenezaji wakilidharau daftari. Wangelitazama vizuri wangejua ndilo mshindani wao: halina chaji, halina bando, halihitaji neno la siri, kuandika humo ni sekunde chache, na likimwagikiwa chai bado linasomeka. Jaribio lolote la programu ya kisukari ambalo halikuweka daftari mezani kama mpinzani halijatuambia kama programu inamwongezea mgonjwa chochote.

Saa nazo. Daktari amemwambia mzee ameze dawa ya presha saa moja asubuhi na saa moja jioni. Programu, ambayo imetafsiriwa Kiswahili safi na pengine imesifiwa kwa hilo, inamwambia "weka saa ya dawa" na kumpa gurudumu la namba. Mzee anazungusha mpaka 1:00. Kengele inalia saa saba usiku, nyumba nzima inaamka, na kesho yake mjukuu anaizima kabisa. Kwenye ripoti mzee huyo atahesabiwa kati ya walioacha kutumia programu, chini ya kichwa cha "ukosefu wa motisha". Wapo wengi waliozoea kugeuza saa za simu kichwani bila hata kufikiri, hilo ni kweli, lakini anayepangiwa dawa kwa mara ya kwanza ana mengine ya kufikiri, na kazi ya jaribio ni kumkuta huyo.

Chakula sitakaa nacho sana. Anayehesabu wanga akifungua orodha ya vyakula akakuta aina tisa za mkate wa Wazungu na hakuna ugali wa dona, hakuna mihogo, hakuna ndizi za kupika, atafunga na kuondoka, na hatahitaji mtafiti wa kumweleza sababu.

Tatizo linalonisumbua zaidi ni la mwili wenyewe. Kisukari cha miaka mingi huharibu macho. Huharibu mishipa ya fahamu pia, vidole vikafa ganzi. Sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutokwa jasho, macho yanaona ukungu, akili inazunguka. Kwa hiyo dakika ambayo programu inahitajika kuliko zote ndiyo dakika ambayo mgonjwa hawezi kusoma maandishi madogo ya kijivu wala kugusa kitufe cha ukubwa wa punje ya mahindi. Na anayejaribishiwa kwa kawaida ni nani? Mwanafunzi wa chuo mwenye macho mazima, au mgonjwa aliyegunduliwa juzi, aliyekuja kliniki asubuhi amekula, ametulia. Huwezi kumshusha mtu sukari kwa makusudi ili ujaribu skrini, wala sipendekezi hivyo. Unaweza kumtafuta mgonjwa mwenye matatizo ya macho. Unaweza kumpa mtu kazi akiwa amesimama juani nje ya duka la dawa, simu iko chaji asilimia nne, mtoto analia. Unaweza kuweka kanuni kwamba kitu cha kubofya wakati wa hatari kiwe kimoja, kikubwa, skrini ya kwanza, na ukapima sekunde ngapi zinapita kabla ya kukifikia.

Kukosea kuna uzito tofauti pia, na hapo ndipo mjadala wa "watu wangapi wanatosha" unapopotoka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya muundo, na kauli hiyo imekuwa msahafu wa vijana wa teknolojia. Hesabu yake ilisimama juu ya dhana kwamba kila tatizo linamkumba wastani wa asilimia 31 ya watu. Kwa kitufe kilichofichika, sawa. Chukua tatizo linalomkumba mtu mmoja kati ya kumi: kwa washiriki watano una nafasi ya asilimia 41 tu ya kuliona hata mara moja; kwa 15 inafika kama 79. Pengine ndiyo maana mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 2016 kuhusu vifaa tiba unataka si chini ya watu 15 kutoka kila kundi la watumiaji katika jaribio la mwisho. Kila kundi: wenye macho hafifu ni kundi, wasiosoma vizuri ni kundi, wanaouguza ni kundi.

Anayeona nazidisha atazame programu za kukokotoa dozi ya insulini. Kit Huckvale na wenzake wa Imperial College London walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa programu 46 za aina hiyo. Asilimia 91 hazikukagua kama namba iliyoingizwa ina mantiki. Asilimia 59 zilikubali kukokotoa hata kama sehemu fulani imeachwa wazi. Asilimia 67 zilikuwa na hatari ya kumpa mtu dozi isiyofaa. Nukta moja ikiteleza, 5.5 inakuwa 55, na programu inajibu kwa utulivu kabisa. Hapa huwezi kutenganisha "urahisi" na "usalama" kama idara mbili. Programu iliyokataa kukugomea ni rahisi sana kutumia.

Kuna sentensi ya nne katika ile hojaji ya SUS, inayouliza kama mtu anadhani angehitaji msaada wa fundi ili kuutumia mfumo. Akikubali, alama zinashuka. Iliandikwa kwa ofisi ya Uingereza ambamo kila mtu ana kompyuta yake. Katika nyumba nyingi za kwetu simu janja ni moja, mwenye kuiendesha ni mjukuu wa kidato cha pili, na mwenye ugonjwa anakaa pembeni akitaja namba. Mpangilio huo umetulia, una heshima ndani yake, na unafanya kazi mpaka shule zifunguliwe mjukuu arudi bweni. Kwa nini basi tumkalishe bibi peke yake mbele ya skrini na kumwandikia amefeli? Waketishe wawili. Wape kazi moja, waache wazungumze. Faida yake ya pili ni kubwa: mbinu ya kawaida ya kumtaka mshiriki aseme kwa sauti kila anachofikiri humfanya mtu mzima ajione anaongea peke yake kama aliyechanganyikiwa, lakini bibi na mjukuu wakiwa pamoja maneno yanatoka yenyewe. "Bonyeza hapo." "Wapi?" "Hapo pa kijani." "Mimi sioni kijani." Mistari minne hiyo ina thamani kuliko kurasa za hojaji. Halafu siku ya pili mtoe mjukuu chumbani, uone nini kinabaki.

Simu inayoshirikiwa inaleta na jambo la siri. Kikumbusho kinachojitokeza kwenye skrini iliyofungwa na kutaja dawa ya VVU kwa jina kinaweza kumfukuzisha mtu nyumbani. Hakuna mshiriki atakayelitaja hilo akiwa kituoni na simu ya mradi mkononi, maana simu ya mradi haijawahi kulala mezani sebuleni kwake.

Jaribio la huduma ya simu kwa ugonjwa sugu ninalolirejea mara nyingi halikuwa na programu yoyote. Lilifanyika Kenya katika kliniki tatu za VVU, likiongozwa na Richard Lester, na matokeo yakatoka katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Washiriki walikuwa 538. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanazingatia dawa. Kundi lingine, asilimia 50. Virusi pia vilikuwa vimefubazwa kwa watu wengi zaidi katika kundi la ujumbe, asilimia 57 dhidi ya 48.

Ukiipima huduma hiyo kwa macho ya mbunifu, haina cha kuonyesha. Haina grafu, haina rangi, haina akaunti. Inaingia kwenye kitochi. Mwenye simu ya kuazima anaweza kuipokea, na anayechungulia anaona salamu tu. Na kukaa kimya, ambako kwenye programu ya kawaida kunahesabiwa kuwa mtu amepotea, humo ni jibu linalomfanya mtu ainue simu na kupiga. Sisemi ni muujiza: jaribio la baadaye la huduma hiyohiyo huko Kibera, lililochapishwa 2018, halikuonyesha kwamba inawabakiza watu kliniki zaidi katika mwaka wa kwanza. Lakini waliobuni lile jaribio la kwanza waliuliza swali lililonyooka kuhusu maisha ya mgonjwa, na matokeo wakayasoma katika dawa zilizomezwa na damu iliyopimwa. Maoni yake kuhusu ujumbe wenyewe hayakuwa ndiyo mizani.

Linalobaki ni muda. Jaribio la kawaida linachukua saa moja. Presha haichukui saa moja. Ukishaipata, dawa ni za maisha, na utafiti wa STEPS wa mwaka 2012, unaopima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliikuta Tanzania kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64. Amit Baumel na wenzake walichungulia mwaka 2019 matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili na kukuta kwamba kwa programu ya katikati (ukizipanga zote kwa kiwango cha wanaobaki), siku 15 baada ya kuipakua, wanaoifungua ni asilimia 3.9 tu. Siku ya 30 ni asilimia 3.3. Jamii ya programu ni nyingine, lakini sijui kwa nini mtu ategemee daftari la kisukari la kwenye simu lifanye miujiza tofauti. Kinachoonekana kigumu siku ya kwanza mara nyingine mtu hukizoea. Na kinachoonekana kitamu siku ya kwanza, zile pongezi na nyota za kila kipimo, siku ya ishirini kinakera. Hayo yote yanatokea baada ya mtafiti kufunga begi lake.

Watengenezaji watasema haya yanaongeza gharama, nao hawajakosea. Ni nauli za wagonjwa 15 kwa kila kundi, chai, siku kadhaa za mtu mmoja anayejua kukaa kimya, na safari ya pili baada ya mwezi kwenda majumbani kwao. Miradi hii huwa na fedha za hafla ya uzinduzi, mabango na fulana, kwa hiyo ni suala la kuamua zipungue wapi. Wizara na wafadhili wanaweza kulimaliza kwa kifungu kimoja cha mkataba: awamu ya mwisho ya malipo haitoki mpaka ripoti ionyeshe, kazi kwa kazi, ni wagonjwa wangapi waliimaliza siku ya kwanza na wangapi siku ya thelathini, kwenye simu walizokuja nazo wenyewe.